Akiba na Randa: Ushirika wa Fedha na Mafunzo ya Imyuga katika Kanama ya Gisenyi

Kanama ni umurenge mmoja kati ya imirenge 12 inayounda wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda. Umurenge, ambao msomaji wa Tanzania anaweza kuulinganisha na kata, ni ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, na mipaka yake ya leo imetokana na mageuzi yaliyoanza kutumika Januari 2006, yaliyopunguza wilaya za nchi nzima kutoka 106 hadi 30 na kuacha imirenge 416. Kabla ya mageuzi ya utawala ya miaka ya 2000 jina hilohilo lilikuwa la komini, eneo la utawala lililokuwa chini ya mkoa wa zamani wa Gisenyi. Barabara kuu itokayo Musanze kwenda Gisenyi na Goma hupita katika soko la Mahoko, mto Sebeya hushuka karibu na soko hilo ukielekea ziwa Kivu, na vilima vinavyolizunguka hulimwa viazi, maharage, mboga na, upande wa Pfunda, chai. Katika vilima hivyo historia mbili zimekwenda sambamba kwa muda mrefu, moja ikiwa ya watu wa kipato kidogo waliojifunza kuweka fedha zao chungu kimoja, nyingine ikiwa ya vijana waliofundishwa useremala, uashi, ushonaji na, baadaye, uchomeleaji na umeme. Waandishi wamezoea kuzisimulia mbalimbali, na ndiyo sababu jambo moja limewapita: ushirika rasmi wa fedha haukuwahi kugharimia fundisho lenyewe la ufundi, bali uligharimia ama kilichotangulia fundisho hilo, yaani karo, ama kilicholifuata, yaani vifaa, na pengo lililobaki katikati likaachiwa kanisa, serikali, mzazi na fundi wa mtaani.

Neno ambalo Wanyarwanda hulitumia kwa ufundi ni umwuga, na wingi wake ni imyuga. Kwa asili neno hilo halina dharau, kwa kuwa hata uuguzi na ualimu huitwa umwuga, lakini katika lugha ya shule usemi wa kwenda kusoma imyuga ulibeba kwa miongo mingi maana ya kushindwa kwenda penginepo, na maana hiyo, kama itakavyoonekana, haikuzaliwa na uvivu wa vijana wala majivuno ya wazazi. Ilizaliwa na mpangilio wa shule zenyewe.

Kabla ya benki yoyote kufika vijijini, akiba ya pamoja ilikuwa na jina na desturi zake. Ikimina, ambacho wingi wake ni ibimina, ni kikundi cha watu wanaojuana ambao kila mmoja hutoa kiasi kilekile kwa wiki au kwa mwezi, na jumla yake hukabidhiwa mwanachama mmoja kwa zamu, au hutunzwa ili wanachama wakopeshane kwa riba na kugawana faida mwisho wa mwaka. Ni ndugu wa upatu wa Waswahili na ni aina ileile ya chama ambayo ng'ambo ya mpaka, Goma, huitwa likilimba. Zaidi ya hapo palikuwa na ubudehe, desturi ya kulima shamba la mmoja kwa nguvu za wote, ambayo serikali iliichukua na kuipa sura mpya baada ya mwaka 2000. Umuhimu wa ikimina kwa historia ya ufundi ni kwamba kilifaa kabisa kwa uanagenzi, yaani mafunzo anayopata kijana kwa kukaa karakanani mwa fundi aliyekwisha kuiva. Uanagenzi katika eneo la Maziwa Makuu hulipiwa kwa mkupuo: mzazi humpa fundi fedha au mnyama mdogo mwanzoni, kijana hufanya kazi bila ujira kwa mwaka au zaidi, na mara nyingi hutakiwa aje na randa, msumeno au mkasi wake mwenyewe. Gharama ya namna hiyo, inayokuja mara moja na kwa kiasi kidogo, ndiyo hasa ambayo zamu ya ikimina huweza kuibeba, kwa maana hakuna anayemuuliza mzazi hati ya ardhi wala mpango wa biashara. Kwa hiyo, ikiwa kuna ushirika wa fedha uliowahi kulipia fundisho lenyewe katika nchi ya Gisenyi, ulikuwa huu usio na mhuri.

Shule ya ufundi, kwa upande wake, ililetwa na misheni. Misheni ya Nyundo, jirani na Kanama, ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1901, na kama ilivyokuwa katika misheni nyingine za wakati huo, ujenzi wa kanisa la matofali ulihitaji waashi na maseremala ambao hawakuwapo, hivyo kufundisha ufundi kukawa sharti la kujenga kabla hakujawa sera ya elimu. Mwaka 1952 Nyundo ikapata askofu wake, Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu katika makoloni ya Ubelgiji, na mwaka 1959 ikafunguliwa hapo shule ya sanaa ambayo imewalea wachongaji na wachoraji wengi wa nchi hiyo. Mwaka 1957 kilianzishwa Gisenyi kiwanda cha bia cha Bralirwa, na maji ya Sebeya yakaanza kuzalisha umeme katika mwaka huohuo. Matukio haya mawili yanastahili kuwekwa pamoja, kwani kiwanda kilileta kazi ya ufundi yenye mshahara, na mto uleule ambao ungekuja kuwaumiza watu wa Kanama ulikuwa wa kwanza kuupa mji wa jirani nguvu ya kuendesha mashine. Kanama yenyewe, iliyo juu ya mji, ilibaki kwa muda mrefu mahali pa kutoa viazi na watu.

Ushirika rasmi wa Rwanda ulianzia mbali na Gisenyi. Mwaka 1956 huko Kabgayi, katikati ya nchi, iliundwa TRAFIPRO, ushirika wa ununuzi na uuzaji ambao jina lake lilifupisha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kazi, uaminifu na maendeleo. Rais wa kwanza wa ushirika huo alikuwa Grégoire Kayibanda, ambaye baadaye angeiongoza jamhuri, na kuanzia mwaka 1963 Uswisi ikaingia kuusimamia na kuufadhili. TRAFIPRO ilikuwa ushirika wa maduka na mazao, haikuwa ya akiba, lakini iliwaleta Waswisi, na Waswisi walikuja na fikra yao ya benki ya kijiji. Fikra hiyo ilikuwa ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa Kijerumani aliyeanzisha huko Heddesdorf mwaka 1864 chama cha mikopo ambacho wanachama wake walikuwa wakulima wa mahali pamoja, wakidhaminiana wenyewe kwa wenyewe. Kasisi Johann Traber aliipandikiza Uswisi, katika kijiji cha Bichelsee, mwaka 1899, na mwaka uliofuata Alphonse Desjardins akaanzisha chama cha jamii hiyo Lévis, Kanada. Wazo la msingi lilikuwa jepesi na gumu kwa pamoja: mtu asiye na mali ana majirani wanaomjua, na ujuzi huo wa majirani una thamani ya dhamana.

Chama cha kwanza cha aina hiyo nchini Rwanda, kilichoitwa kwa Kifaransa Banque Populaire, yaani benki ya wananchi, kilifunguliwa Nkamba, mashariki mwa nchi, mwaka 1975. Kingine kikafuata na kingine, hadi mwaka 1986 vyama hivyo vilipoungana katika umoja wa kitaifa, wakati ambapo kituo cha IWACU cha Kigali, kilichoanzishwa miaka miwili kabla kwa msaada wa Uswisi vilevile, kilikuwa kikiwafunza viongozi wa ushirika kuandika hesabu na kuendesha mikutano. Benki za wananchi zilikuwa wazi kwa yeyote aliyenunua hisa, zilikusanya akiba nyingi kuliko zilivyokopesha, na mikopo yao ilikwenda zaidi kwenye nyumba, biashara ndogo na mahitaji ya familia. Mkopaji alitakiwa kuwa na akiba ya muda fulani na wadhamini wanaokubalika. Hapo ndipo kijana wa miaka kumi na sita mwenye patasi mbili alipojikuta nje ya mlango: hakuwa na akiba, hakuwa na wadhamini wake mwenyewe, na kipato alichotarajia kilikuwa bado ndani ya kipande cha mbao kisichopigwa randa. Fikra ya Raiffeisen ilimfaa mkulima ambaye majirani wameona mavuno yake kwa miaka ishirini, lakini mwanafunzi hana mavuno ambayo jirani amewahi kuyaona.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikijenga shule za ufundi kwa wingi. Mageuzi ya elimu yaliyoanza kutumika mwaka wa masomo wa 1978 hadi 1979 yaliongeza shule ya msingi kutoka miaka sita hadi minane, yakiweka kilimo na kazi za mikono katika miaka ya mwisho, na baada ya hapo yakaweka CERAI, kifupi cha Kifaransa cha vituo vya elimu unganifu ya vijijini na ya ufundi, ambavyo vilichukua nafasi ya vituo vya zamani vya kilimo na ufundi na vya mafunzo ya kaya kwa wasichana. Kijana alisoma CERAI kwa miaka mitatu, kwa Kinyarwanda. Wavulana walijifunza useremala, uashi na kilimo, na wasichana walijifunza kushona, kupika na lishe, mgawanyo ambao leo unaonekana wa kizamani lakini ambao wakati huo haukupingwa na wengi. Majengo, kwa sehemu kubwa, yalikuwa mzigo wa komini na wazazi, na serikali ilibeba walimu.

Hesabu ya mfumo huo ilikuwa na ukatili wake. Katika miaka ya 1980 waliomaliza shule ya msingi na kupata nafasi ya sekondari walikuwa chini ya mmoja kwa kila kumi, na nafasi hizo chache ziligawanywa kwa sera iliyoitwa iringaniza, yaani usawazishaji, ambayo iliweka viwango kwa kabila na kwa mkoa, ikawafungia mlango wengi kwa sababu zisizohusu akili zao. CERAI ikawa mahali pa waliobaki. Hakuna mtoto aliyeichagua akiwa na mlango mwingine ulio wazi, na hakuna cheti chake kilichofungua mlango wa shule ya juu, kwa hiyo hata mwalimu hodari wa useremala alikuwa akifundisha darasa lililokwisha kuambiwa na taifa kwamba limeshindwa. Ndipo neno imyuga lilipopata kovu lake.

Hata hivyo dharau haikuwa ugonjwa pekee wa CERAI, na yamkini haikuwa mkubwa kuliko wote. Kijana alitoka baada ya miaka mitatu akijua kuunga mbao, kusoma pima maji na kuangusha timazi, lakini vifaa alivyofundishiwa vilikuwa vya kituo na vilibaki kituoni. Serikali ilitumaini kwamba wahitimu wangejiunga katika vyama vya ushirika vya mafundi na kujinunulia vifaa, na kweli vingine viliundwa, ila chama cha vijana kumi wasio na kitu hakiwi na kitu kwa kuitwa chama. Kwa upande mwingine wa barabara, benki ya wananchi ilikuwa na akiba ambayo haikupata wakopaji wa kutosha wanaokubalika. Taasisi hizo mbili zilikua katika muongo mmoja, juu ya vilima vilevile, zikiwahudumia wazazi na watoto wa nyumba zilezile, na hakuna utaratibu wowote mkubwa uliozifunga pamoja. Jambo hilo linashangaza zaidi kuliko kufa kwa CERAI kwenyewe, kulikokuja na mageuzi ya mwaka 1991, yaliyorudisha shule ya msingi kwenye miaka sita na kuacha vituo vya ufundi vikififia au kugeuzwa kuwa kitu kingine.

Majirani walipata majibu tofauti kwa swali lilelile. Nchini Kenya, baada ya Baraza la Kikristo la nchi hiyo kuuliza katika ripoti ya mwaka 1966 vijana waende wapi baada ya shule, vikaibuka vyuo vya ufundi vya vijijini vilivyojengwa kwa michango ya wenyeji, na katika muongo uliofuata mtindo wa harambee ukapanda ngazi: Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, Nyeri, ilianzishwa mwaka 1972 kwa michango ya wananchi ambao wengi wao walikuwa wakulima wa kahawa, na leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Huko fedha ya mkulima iligusa fundisho lenyewe, si karo wala randa pekee, kwa sababu kahawa iliuzwa kupitia mahali pamoja na mchango uliweza kukatwa kabla mkulima hajashika pesa. Tanzania ilichagua njia nyingine kwa sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, inayopata sehemu ya fedha zake kutokana na tozo ya waajiri. Njia hiyo ni imara, ila inahitaji waajiri, na Kanama haikuwa na waajiri bali wakulima, wachuuzi wa Mahoko na kiwanda cha chai cha jirani. Viazi havikatwi mchango kama kahawa. Huuzwa kwa gunia, kwa fedha taslimu, kando ya barabara, na huenda Goma au Kigali kabla jua halijazama.

Miaka iliyofuata iliangamiza misingi yote. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliua wanachama, wadhamini, walimu na wanafunzi, na benki za wananchi ziliporwa na kufungwa kabla ya kufufuliwa polepole. Kanama haikupata utulivu mapema kama sehemu nyingine: Septemba 1995 raia zaidi ya mia moja waliuawa hapo na wanajeshi, na mwaka 1997 na 1998 vita vya waasi walioitwa abacengezi, yaani waliopenya, viliifanya kaskazini magharibi yote kuwa mahali pa hofu, ambapo soko lilifungwa ghafla na mtoto kwenda shule kulikuwa kubahatisha. Mwanahistoria wa fedha analazimika kuyataja hayo kwa sababu ushirika wa Raiffeisen huishi kwa kujuana, na katika eneo ambalo jirani alikuwa ameua, amekimbilia Kongo, amerudi au hakurudi, kumdhamini mtu hakukuwa tena suala la fedha tu.

Mwaka 2008 na 2009 mambo manne yalikutana, mengine kwa kupangwa na mengine kwa sadfa. La kwanza ni kwamba benki za wananchi ziliacha kuwa ushirika: mwaka 2008 zilibadilishwa kuwa benki ya biashara, Rabobank ya Uholanzi ikinunua sehemu ya hisa, na kuna kejeli kidogo hapo, kwa kuwa Rabobank yenyewe ni mjukuu wa vyama vya Raiffeisen. (Benki hiyo ilipita baadaye mikononi mwa Atlas Mara na, mwaka 2021, KCB ya Kenya.) La pili ni uchunguzi wa FinScope wa mwaka 2008, uliobaini kwamba asilimia 52 ya watu wazima hawakutumia huduma yoyote ya fedha, iwe rasmi au isiyo rasmi, na ndiyo sababu mkutano wa taifa uitwao Umushyikirano uliazimia Desemba mwaka huo kwamba kila umurenge uwe na chama chake cha akiba na mikopo. La tatu ni elimu ya msingi ya miaka tisa, iliyoanza mwaka 2009 na kuongeza mara moja idadi ya watoto waliofika kidato cha tatu wakihitaji mahali pa kwenda. La nne ni kuundwa, mwaka huohuo, kwa WDA, mamlaka ya kuendeleza nguvukazi, iliyokabidhiwa shule za ufundi. Kazi zake kwa shule hizo zinafanywa sasa na Bodi ya TVET ya Rwanda iliyoundwa mwaka 2020, TVET ikiwa kifupi kinachotumika nchini humo kwa elimu na mafunzo ya ufundi.

Vyama vya umurenge, vinavyojulikana kwa jina moja la Umurenge SACCO, vikawa 416 nchini na 12 katika Rubavu, kimojawapo kikiwa cha Kanama. Sheria ya ushirika ya mwaka 2007 na ile ya fedha ndogondogo ya mwaka 2008 zilivipa sura ya kisheria, Benki Kuu ikavikagua na kuvipa leseni, na serikali ikavisaidia kulipa watumishi wa mwanzo. Ni kweli kwamba vilianzishwa kutoka juu. Viongozi wa mitaa walikuwa na imihigo, mikataba ya utendaji inayopimwa kila mwaka, na idadi ya waliojiunga na SACCO ilikuwa miongoni mwa vipimo, hivyo wengine walinunua hisa kwa kuhimizwa kuliko kushawishika, na katika baadhi ya imirenge ya nchi viongozi wa vyama walikula akiba za watu. Raiffeisen asingevitambua vyote kuwa watoto wake. Lakini kufikia mwaka 2012 kiasi cha asilimia 90 ya Wanyarwanda waliishi ndani ya kilomita tano kutoka SACCO yao, na walioachwa nje ya huduma zote za fedha walikuwa wamepungua hadi asilimia 28. Kwa mara ya kwanza mzazi wa mtoto wa ufundi alikuwa na dirisha la mkopo analoweza kulifikia kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Dirisha hilo lilianza na karo, ambayo katika Kiswahili cha Gisenyi na Goma huitwa minervali. Mkopo wa karo ni wa muda mfupi, hutolewa kwa jina la mzazi na hurejeshwa katika muhula au mihula michache, na riba yake katika vyama vya umurenge mara nyingi imekuwa karibu asilimia 2 kwa mwezi. Tangu Septemba 2022, serikali ilipoweka kikomo cha michango ya wazazi katika shule za umma na zile zinazosaidiwa na serikali, mwanafunzi wa sekondari anayelala bweni hulipa faranga 85,000 kwa muhula na anayerudi nyumbani hulipa 19,500. Mzazi anayekopa ada ya bweni kwa miezi mitatu kwa kiwango hicho atalipa riba ya takriban faranga 5,100, kiasi anachoweza kukibeba mwuza viazi ambaye mvua haikumharibia. Mkopo huu hauulizi mtoto anasomea nini. Anayesoma fizikia na anayesoma uashi hupata kilekile, na katika hali hiyo mwanafunzi wa ufundi ndiye anayepunjika, kwani yeye ana gharama ambazo mwenzake hana: ovaroli, viatu vya karakana, vitambaa vya kujifunzia kukata, vyuma vya kujifunzia kuchomelea, na miezi ya mafunzo kazini ambapo hula na kusafiri bila ujira.

Aina ya pili ya mkopo, ya vifaa, ilikuja mwaka 2014, pale mpango wa taifa wa ajira ulioitwa Kora Wigire ulipounganisha shule na SACCO kwa njia ambayo CERAI haikuwahi kuipata. Wahitimu wa ufundi waliweza kuomba mkopo wa vifaa vya kuanzia kazi kupitia chama cha umurenge wao, huku BDF, mfuko wa kuendeleza biashara ulioundwa mwaka 2011, ukisimama kama mdhamini. Kwa vijana na wanawake dhamana ya mfuko huo huweza kufikia asilimia 75 ya mkopo. Ingwate, neno la Kinyarwanda kwa mali inayowekwa rehani, ilikuwa kwa miaka arobaini ukuta kati ya kijana na ushirika, na hapa serikali ilijitolea kubomoa sehemu ya ukuta huo. Sambamba na hayo zilijengwa karakana za pamoja ziitwazo udukiriro, umoja wake agakiriro, ambapo mafundi wa aina mbalimbali hukodi nafasi chini ya paa moja na kupata umeme wa nguvu inayotosha mashine. Kwa kijana wa useremala aliyehitimu ngazi ya tano, ambayo ni kilele cha ufundi wa sekondari katika mfumo wa sasa, maana yake ilikuwa kwamba vifaa havibaki tena shuleni.

Mpango huo unastahili sifa, na unastahili pia kuulizwa. Mkopo wa vifaa humchukulia mhitimu kana kwamba tayari ni mfanyabiashara, ilhali alichokosa mara nyingi ni mwaka mmoja au miwili ya kufanya kazi chini ya fundi mzoefu, muda ambao uanagenzi wa kale uliutoa bila mjadala. Mashine ya kuchomelea iliyonunuliwa kwa mkopo na kuwekwa mikononi mwa asiyejua kukadiria bei ya lango la chuma ni njia ya haraka ya kuipoteza mashine na rejesho pamoja. Ikimina kilikuwa dhaifu, kidogo, na hakikuwa na mkaguzi, lakini kililipia kitu sahihi: muda wa kijana karibu na fundi. SACCO ina nguvu, leseni na mdhamini, na inalipia vitu viwili vinavyolizunguka jambo hilo pande zote mbili. Kama serikali ilivyokusudia kwamba asilimia 60 ya wanaomaliza elimu ya msingi waelekee ufundi kufikia mwaka 2024, ndivyo ilivyopaswa kuuliza nani atalipa karakana ya kati, na hilo halikupata jibu la wazi kama yalivyopata yale mengine mawili.

Usiku wa Mei 2 kuamkia Mei 3, 2023, Sebeya ulivunja kingo zake. Mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130 nchini, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na katika Rubavu yaliharibu nyumba na mashamba kando ya mto huo. Kwa ushirika wa fedha, nyumba iliyosombwa ni ingwate iliyosombwa, na mkopo ulioegemea juu yake hubaki ukidaiwa kwa mtu asiye na paa. Kwa ufundi, kila nyumba iliyoanguka ni kazi ya mwashi, seremala na fundi wa mabati. Ni nadra historia mbili za Kanama kukutana waziwazi namna hiyo, moja ikidai na nyingine ikihitajika.

Vyama vya umurenge navyo vinabadilika. Serikali imekwisha kuamua viunganishwe kuwa vyama 30 vya wilaya, chini ya benki moja ya ushirika, na hesabu zake zimehamishiwa kwenye kompyuta. Kwa mkaguzi muungano huo ni nafuu kubwa, na kwa mtoto wa ufundi unaweza kuleta mikopo mikubwa na ya muda mrefu zaidi, lakini uamuzi wa mkopo utakuwa umeondoka Mahoko na kwenda mahali ambapo hakuna anayemjua. Hesabu za kompyuta zitabaki. Za ibimina, zilizoandikwa kwa kalamu katika madaftari ya shule na kuonyesha nani alilipiwa uanagenzi, kwa fundi gani na kwa bei gani, hazina mahali pa kutunzwa, na mtu yeyote wa Kanama aliye nalo moja lililobaki na alifikishe kwa karani wa umurenge au maktaba ya shule, na likawekwe mahali palipo juu ya mkondo wa Sebeya.